Kiungo Chini ya Mawasiliano

Mwezi uliopita tulimzika mama yake Lydia. Nilifika makaburini nimechelewa, nikasimama nyuma pamoja na wanawake wa kanisani kwao, na Lydia aliponiona aliwaacha watu waliokuwa wakimpa pole akanijia moja kwa moja. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka kumi. Amenenepa kidogo, nywele za kwenye panja zimeanza kuwa nyeupe, na bado ana mazoea ya kuushika mkono wa mtu kwa mikono yake yote miwili. Alimgeukia binti yake, msichana wa chuo aliyezaliwa baada ya mambo haya yote, akamwambia, "Huyu ndiye Asya aliyetuhamisha kutoka Kayole." Hakusema, "Huyu ndiye Asya aliyetuanika." Yote mawili ni kweli. Nilirudi kwangu Huruma, nikakaa jikoni bila kuvua viatu, nikaamua kuuandika mwaka ule kabla sijaanza kuukumbuka vile ninavyotaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilifanya kazi kwenye ofisi ya vyumba viwili huko Buruburu, juu ya duka la dawa. Shirika lilikuwa dogo. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wanawake waliokimbia kupigwa nyumbani, kuwapeleka hospitali na kwa wakili, na kuwaweka mahali pa salama hadi wapate pa kuanzia upya. Mahali penyewe palikuwa Kayole, vyumba vinne vya kupanga kwenye ploti ya kawaida yenye wapangaji wengi, na waliojua palipo walikuwa wachache mno. Mkurugenzi wetu aliitwa Priska, na sote tulimwita Madam. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na kila asubuhi alikuja na chupa ya chai ya maziwa na mandazi yaliyofungwa kwenye gazeti, akayagawa kabla hajasema neno lolote la kazi. Mtu wa tatu alikuwa Dorka, katibu, ambaye meza yake ilitazama mlango. Mimi nilikaa kwenye kona penye kompyuta kubwa iliyounguruma kama mashine ya kusaga unga. Nilikuwa mtu wa tovuti, kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Sikuwa nimesomea shuleni kazi hiyo. Nilijifunza pale Huruma, kwenye saiba ya intaneti ya Karis, ambaye aliniacha nitumie mashine ya mwisho ukutani wakati hakuna wateja. Nilijifunza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kwa kunakili, kuvunja na kurekebisha. Tovuti ya kwanza niliyolitengenezea shirika ilikuwa na kurasa kumi na nane, na menyu ile ya juu, yenye Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma na Mawasiliano, nilikuwa nimeiandika kwa mkono kwenye kila ukurasa. Madam akitaka neno moja libadilishwe, nilifungua faili kumi na nane. Nikachoka. Kwa wiki mbili nikaandika kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka kwa fahari: msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, uliokwenda kwenye jedwali la kurasa, ukachukua kila ukurasa pamoja na mzazi wake, ule ukurasa ulio juu yake, ukajenga menyu wenyewe. Ukurasa ukiwa na watoto, msimbo ulijiita tena kuwatafuta watoto hao na kuwapanga chini ya mama yao. Ongeza ukurasa mmoja kwenye jedwali, nao unatokea mahali pake bila mtu kugusa chochote. Siku ulipofanya kazi nilicheka peke yangu hadi Dorka akauliza kama niko sawa.

Dorka ndiye aliyeleta wazo la zamu. Matroni wa nyumba ya Kayole walikuwa wakibadilishana, na kila mmoja alipewa karatasi yenye maelekezo ya njia, majina ya wanawake waliokuwepo, na dawa wanazotumia. Karatasi moja ilikuwa imepotea sokoni. "Karatasi ni hatari," Dorka alisema. "Hatuwezi kuiweka kwa tovuti, mahali pa wafanyakazi tu?" Nikasema ni rahisi. Madam alikuwa akimenya chungwa, akauacha ule mzunguko wa ganda ukining'inia. "Na mtu wa nje hawezi kuiona, Asya?" Nikamjibu, "Hawezi, Madam. Haitatokea kwenye menyu mpaka uingie na nenosiri." Niliamini nilichosema. Siku hizi vijana ninaofanya nao kazi hutumia zana zinazojenga menyu kwa dakika chache, nami huwasumbua kwa swali moja: ukurasa wenyewe umefungwa, au umeficha tu njia ya kuufikia? Wananiona mzee mwenye wasiwasi. Mimi niliondoa kibao cha mlangoni nikadhani nimeweka kufuli.

Ijumaa moja mwezi wa tatu, Dorka aliona ule ukurasa wa zamu umekaa vibaya, peke yake mwisho wa menyu ya wafanyakazi, akauhamisha uwe chini ya Mawasiliano. Alikuwa na ruhusa, na mimi ndiye niliyemfundisha namna ya kuhamisha. Kosa lilikuwa langu. Msimbo wangu ulipochukua kurasa za juu uliuliza kama ni za siri. Ulipojiita tena kuchukua watoto, haukuuliza. Nilikuwa nimesahau kuandika sharti hilo mara ya pili. Kwa hiyo kuanzia Ijumaa jioni, mtu yeyote duniani aliyefungua tovuti yetu na kugusa neno Mawasiliano aliona viungo vitatu vikishuka: Simu, Ramani ya Ofisi, na Zamu za Nyumba.

Jumatatu asubuhi nilipitia kwa Karis kumwonyesha kazi yangu. Nilitaka kusifiwa, sitasema uongo. Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. "Niaje, Asya? Hebu nione hiyo maneno yako." Akaandika anwani mwenyewe, menyu ikafunguka, akaipitisha panya juu yake huku na huko. "Hii ni kali. Inajipanga yenyewe?" Nikaanza kumweleza. Yeye akawa anasoma kwa sauti, kama watu wasomavyo mabango wakiwa hawana la kufanya. "Simu. Ramani ya Ofisi. Zamu za Nyumba. Kwani nyumba gani?" Akabofya. Hakuulizwa nenosiri. Ukurasa ulifunguka mweupe na safi: shuka stendi ya mwisho, fuata uchochoro wa kinyozi, geti la kijani, ghorofa ya pili. Chini yake majina. La tatu lilikuwa Lydia, dawa ya presha asubuhi na jioni. Nilinyoosha mkono nikang'oa waya ukutani. "Wewe! Mashine yangu!" Karis alipiga kelele.

Nilikimbia hadi ofisini. Madam na Dorka walikuwa kortini na mteja, ofisi ilikuwa tupu. Kurekebisha kulinichukua dakika chache: sharti moja ndani ya menyu, na mwanzoni mwa ule ukurasa mistari ya kumrudisha nyuma yeyote asiyeingia. Ndipo nikafungua kumbukumbu za seva, zile zinazoandika kila anayepita na alichofungua. Tovuti yetu haikuwa na wageni wengi. Nilipitia Ijumaa, hakuna. Jumamosi alasiri kulikuwa na simu moja iliyofungua tovuti. Ilikuwa imeingia Mwanzo, ikaenda Mawasiliano, ikaenda Zamu za Nyumba. Jumapili simu ileile ilirudi, na safari hii haikupita Mwanzo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye zamu. Nilikaa nikiitazama mistari ile. Haikuwa na jina wala uso, ila mtu huyo alikuwa amesoma, akaenda akalala, kisha akarudi kusoma tena.

Nikiwa mkweli, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba hakuna ajuaye isipokuwa mimi. Karis hakuelewa alichokiona. Nilikuwa nimekwisha kuufunga ukurasa. Labda ni mwanafunzi, labda ni mtu aliyekuwa akizurura tu mtandaoni. Kila Jumatatu nilikwenda Kayole kuwafundisha wanawake wa kule kompyuta, na siku hiyo nilikwenda kama kawaida, nikijiambia kwamba nikifika nikakuta kumetulia nitaamua. Kulikuwa kumetulia. Walikuwa watano. Mmoja alikuwa anasuka mwenzake, redio ilikuwa chini, na Lydia alikuwa jikoni kwenye jiko la makaa, anachagua mawe kwenye maharagwe ya jioni huku amenipakulia ugali na sukuma wiki. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita kutoka Dandora, mwenye mkono wa kushoto uliokuwa umepona vibaya kidogo, na alipenda kula akiwa amesimama karibu na dirisha. Nilisikia mmoja wao akiuliza kule chumbani, "Na wewe bado unalala na viatu?" Lydia akajibu kutoka jikoni bila kugeuka, "Niliacha wiki iliyopita. Nilivivua nikaviweka chini ya kitanda. Nililala mpaka jua likaniwakia." Wakamcheka, naye akacheka. Niliweka sahani chini. Nilimwambia nimesahau kitu ofisini.

Madam alikuwa amerudi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, haraka, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi kuliko penginepo. Nilisema, "Ukurasa wa zamu ulihamishwa Ijumaa, ukaonekana." Ulihamishwa. Sikusema na nani, lakini Dorka alikuwa pale, na uso wake ulibadilika, na mimi nikaendelea kusema bila kumtazama. Madam hakupaza sauti. Aliuliza, "Imefunguliwa na mtu?" Nikasema ndiyo, mara mbili, simu moja. Akainuka akafunga mlango wa ofisi kwa ndani, akachukua simu yake akaanza kutafuta namba. "Wanatoka leo," alisema. "Kabla ya saa kumi na moja."

Tuliwatoa kama watu wanaokwenda kuanika nguo. Hilo lilikuwa wazo la Madam. Kila mwanamke alijaza beseni nguo zake na vitu vyake vichache, akafunika juu kwa shuka iliyoloweshwa maji, wakashuka wawiliwawili kwa ngazi za nyuma mpaka kwenye uwanja wa ploti ya pili, ambako gari la rafiki wa Madam lilikuwa linangoja. Waliambiwa wasizime jiko wala redio, ili majirani wasitambue kwamba watu wanahama. Mimi nilisimama juu ya ngazi nikiangalia upande wa kinyozi. Kila mwanamume aliyeingia uchochoroni nilimwona ndiye mwenye ile simu. Mmoja alibeba kreti ya soda, mwingine mtoto, nami nilimwogopa hata huyo aliyebeba mtoto. Lydia ndiye aliyekuwa wa mwisho. Aliniuliza, "Ni yeye?" Nikamwambia hatujui. "Nani alimwambia?" Nikasema, "Mimi. Kwa kompyuta. Nilikosea." Lydia akainama, akavaa viatu vyake akivifunga kamba vizuri, mafundo mawiliwawili, akabeba beseni akashuka.

Waligawanywa. Wawili walikwenda kwa masista, wengine kwa watu Madam aliowaamini, na Lydia alipelekwa nje ya Nairobi, mji ambao sikuambiwa jina lake kwa miezi mingi, na ilikuwa haki nisiambiwe. Ile nyumba ya Kayole hatukuitumia tena. Wiki mbili zikapita bila chochote kutokea, na utulivu huo ulikuwa mgumu kuliko ile siku yenyewe. Dorka alikuwa hazungumzi nami. Siku ya nne nilishindwa, nikaenda kwenye meza yake nikamwambia mbele ya Madam kwamba kuhamisha ukurasa hakukuwa kosa, kosa lilikuwa kwenye msimbo wangu, na nilijua hivyo tangu dakika ya kwanza. Alifuta meza yake na kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Ulijua, Asya, na ukaniacha nilie chooni siku nne." Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mitano na hakulitaja tena jambo hilo, wala sijui kama alinisamehe. Lakini siku moja, kabla ya zile wiki mbili kwisha, alisema jambo jingine lililonichoma: kwamba tumevunja nyumba iliyojengwa kwa miaka sita kwa sababu ya ziara mbili za simu ambayo labda ilikuwa ya mtu asiye na habari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kutamani mtu huyo atokee, ili ijulikane sikuogopa bure.

Alitokea wiki ya tatu. Kwanza alikuja mama. Nilikuwa peke yangu, saa nne za asubuhi, nikasikia hatua za polepole kwenye ngazi, akaingia mwanamke mfupi wa makamo ya bibi, kitambaa cha kijani kichwani, koti la sufu ingawa kulikuwa na joto. Nilimpa kiti na chai. Aliishika glasi bila kuinywa. "Mimi ni mama Lydia," alisema. "Natafuta mtoto wangu. Nimeambiwa sokoni kuna watu wanasaidia wasichana kama yeye. Ni miezi saba sasa. Kama amekufa mniambie, nimzike." Madam alikuwa ametufundisha jibu moja tu, na nililitoa jinsi nilivyofundishwa. "Shosho, hatuna mtu wa jina hilo." Akatikisa kichwa taratibu kana kwamba amemsikia mtoto akisema uongo. "Alikuwa kwenu. Tulifika kwa hiyo nyumba ya Kayole, Jumatatu, kama saa kumi na mbili. Tukakuta mlango haujafungwa, redio inaimba, na sufuria la maharagwe limeungua mpaka chini. Moshi tu. Hakuna mtu."

Jumatatu, saa kumi na mbili. Tulikuwa tumeondoka saa kumi na nusu. Ndipo lile neno "tulifika" likanifikia, likiwa limechelewa. "Mlifika, shosho? Wewe na nani?"

"Mimi na mkwe wangu," alisema, na uso wake ukalainika. "Patrick. Mimi sijui kusoma hizi simu. Yeye ndiye alikuja kwangu akalia, akaniambia, mama, tumtafute pamoja. Alipata kila kitu kwa simu yake, Jumamosi, tumekaa hapo kwangu. Jumapili akanisomea tena ili nisisahau njia. Tungeenda hiyo Jumapili, lakini ana kazi ya kukaribisha watu kanisani." Akanywa chai kidogo. "Yuko hapo chini. Anaongea na mtu wa duka la dawa."

Sikupata nafasi ya kufikiri. Hatua nyingine zilikuwa kwenye ngazi, nyepesi, na mwanamume akasimama mlangoni akipangusa viatu kwenye mkeka, kimoja, halafu kingine, kwa uangalifu. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Nilikuwa nimemfikiria kwa wiki tatu na katika mawazo yangu alikuwa mkubwa. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya upole, na alinisalimu kwa adabu. "Habari ya asubuhi, dada. Pole kwa kukusumbua. Mama huyu hana usingizi." Nikasema karibu. Alitazama kompyuta yangu. "Wewe ndiye unashughulikia tovuti?" Nilijibu ndiyo kabla sijajizuia. "Kazi nzuri. Inafunguka haraka hata kwa simu." Akatabasamu. "Lakini naona mmeondoa kitu. Kulikuwa na kiungo hapo chini ya Mawasiliano, cha tatu. Kilienda wapi?"

Sijawahi kuulizwa swali la kazi lililonitisha kama hilo, na nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Nilisema tulikuwa tunarekebisha. "Sawa," alisema. "Haidhuru. Nilikuwa nimeandika kwa karatasi." Akaweka mkono wake juu ya bega la mama mkwe, na nikaona vidole vikibonyea kwenye lile koti la sufu, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu ubivu wa embe. Akauliza tena kama tunamjua Lydia. Nikasema hatumjui. Yule mama akaanza kulia kimya, machozi tu, bila sauti. Ndipo nikafanya jambo ambalo sheria ya ofisi ilikataza kabisa. Ufunguo wa choo ulikuwa ukining'inia kwenye msumari kando ya meza ya Dorka. Niliuchukua nikasema, "Shosho, uliniuliza choo. Twende nikuonyeshe, kiko mwisho wa varanda."

Hakuwa ameniuliza. Alinitazama, machozi bado yakimtoka, na nadhani alinisoma uso wote katika muda ule mfupi. "Eeh," akasema. "Magoti haya. Nishike mkono." Patrick alipiga hatua ya kutufuata. Mama akamgeukia kwa ukali wa mama mkwe, "Hata chooni, Patrick?" Akabaki mlangoni. Tulitembea ile varanda polepole, mgongo wangu ukiwaka kama unaomulikwa na jua. Kwenye mlango wa choo nilimsogelea sikio. "Yuko hai. Yuko salama. Huyu ndiye anayemkimbia. Asijue." Nilitegemea apige yowe, au aanguke. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alishika ukuta akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mkono wake ulipona?"

Nilijua habari za mkono ule. Lydia alikuwa amenieleza kwamba ulipovunjika alikwenda kwa mama yake, na mama yake akamrudisha kwa mumewe akiwa na mkono kwenye bendeji, akawaombea wote wawili, akaondoka. Nilikuwa nimemchukia mwanamke huyu kabla sijamwona. "Ulipona," nikamwambia. Akafumba macho. Kisha akaingia chooni, akamwaga ndoo nzima ya maji kwa kishindo ili asikike, akatoka akijifuta mikono kwenye koti. Tuliporudi alikuwa ameshabadilika. Alikuwa mwanamke mzee aliyechoka, basi. "Twende, Patrick. Hawa hawajui kitu. Wametupotezea asubuhi." Yeye alibaki akinitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. "Asante, dada," alisema. "Nitaendelea kuangalia tovuti yenu."

Madam aliporudi nilimweleza yote, bila kuficha neno wala kutumia maneno ya kujikinga. Alisikiliza hadi mwisho. "Umefanya makosa mawili mwezi huu," alisema. "La kwanza hukulijua. Hili la pili ulilijua ukilifanya." Nikasema ndiyo. "Sasa Lydia yuko mikononi mwa mama aliyewahi kumrudisha. Tungoje tuone ni mtu wa aina gani." Hakunifukuza. Usiku huo hakulala, aliniambia baadaye, na mimi pia.

Patrick alitimiza ahadi yake. Kila asubuhi nilifungua kumbukumbu za seva kabla ya kunywa chai, na kila asubuhi nilimkuta: simu ileile, jana jioni, Mwanzo, kisha Mawasiliano, kisha akatoka. Alikuwa anakuja kuangalia kama kile kiungo kimerudi. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Niliandika upya msimbo wote wa menyu mara tatu. Nilibadilisha njia ya kwenda nyumbani. Nikisikia mtu akipangusa viatu mahali popote, hata msikitini, moyo ulinipiga. Siku nyingine nilijaribu kuukisia uso wa yule mama wakati mkwe wake akimtembelea, maana Lydia alikuwa amesema wanaishi umbali wa mitaa miwili tu, na nilijiuliza ni siku ngapi mtu anaweza kukaa na kitu kama kile mdomoni bila kukitema. Kisha, mwezi wa kumi, asubuhi moja hakuwemo kwenye kumbukumbu. Wala kesho yake. Wala wiki nzima. Mtu angedhani nilifurahi. Niliogopa kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa sikujua yuko wapi.

Mama Lydia ndiye aliyetuletea jibu, mwezi wa kumi na mbili, peke yake, na hakuketi. Alisema Patrick ameoa msichana mwingine na wamehamia mbali, kwao msichana huyo. Alisema kwa miezi minane amekuja kwake kila Jumapili baada ya kanisa, akaleta sukari na majani ya chai, akamwuliza, mama, umesikia chochote? Naye akaichukua sukari, akampikia chai, wakamwombea Lydia pamoja wakiwa wameshikana mikono. "Nilikuwa naomba kwa sauti," alisema, "na ndani naomba ingine." Aliacha karatasi yenye namba ya jirani yake, akashuka ngazi. Usiku ule nilimfikiria huyo msichana mwingine. Sijaacha kumfikiria. Sina jina lake, na hakuna nilichomfanyia.

Lydia aliletwa ofisini siku tatu kabla ya Krismasi. Madam hakutaka apige simu kutoka mji aliokuwa akiishi. Alikaa kwenye kiti cha Madam, mimi na Dorka tukiwa mlangoni tusijue kama tutoke au tubaki, akabonyeza namba kutoka kwenye ile karatasi, akaomba aitiwe mama. Tukangoja. Kwa mbali tulisikia jirani akiita, mlango, hatua, kisha pumzi za mtu aliyekuja mbio. Lydia alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, ameikandamiza sikioni mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na upande wa pili tulimsikia mama yake akianza kulia, akijaribu kusema kitu kuhusu mkono, akishindwa, akianza tena.

"Mama," Lydia alimkatiza. Ilikuwa sauti kavu, karibu ya hasira, na nilidhani atakata simu. "Mama, wacha hayo kwanza. Niambie leo umepika nini."

Dorka alinishika mkono, tukatoka nje, tukafunga mlango.